Siku Nilipobadilisha Prosesa ya Chumba cha Picha

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kuvua sweta, nami nikakataa.

Ilikuwa Mbeya, mwezi wa saba, baridi ya kupasua midomo. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Karakana niliyopangiwa ilikuwa chumba kirefu nyuma ya stoo ya saruji, mali ya ofisi moja ya serikali. Fundi Mkuu alikuwa mzee mfupi, Msafwa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alinitazama, hakunipa hata mkono, akasema, "Vua sweta hilo, halafu uje hapa mezani."

Nikabaki mlangoni. "Mzee, mimi nimekuja kufanya kazi," nikamwambia.

Mafundi wawili waliokuwepo wakaangua kicheko. Ndipo mzee alipoelewa nilichofikiria, akaona haya kuliko mimi. Akanieleza kwamba sweta la nailoni, likisuguana na mwili kwenye hewa kavu, hukusanya umeme, ule unaolia ta-ta-ta ukilivua gizani. Mtu hushtuka kidogo tu, lakini vipande vya ndani ya kompyuta hufa bila kutoa hata moshi. "Utaiua mashine na hutajua kama umeiua," alisema. "Sasa gusa dirisha." Nikagusa nondo za dirisha, baridi kama barafu. "Kila siku hivyo. Kabla hujagusa kitu, gusa chuma."

Nimefanya kazi hii miaka zaidi ya thelathini, na sijui nimegusa madirisha mangapi.

Vijana wa leo wananiuliza kwa nini tulihangaika kufungua mashine kuukuu badala ya kununua mpya. Jibu ni kwamba mpya haikuwepo. Ofisi ilipata kompyuta mara moja, na ile ile ilitakiwa kufanya kazi mpaka wote waliokuwepo ilipofunguliwa boksi wawe wamehamishwa. Programu zilikuwa zinakua, mashine imebaki palepale. Kwa hiyo tuliongeza kumbukumbu, tukabadilisha diski, na pale ambapo hayo hayakutosha tukabadilisha prosesa yenyewe. Prosesa ni kile kipande cha mraba, kidogo kuliko biskuti, kinachofanya hesabu zote za mashine. Ukikiondoa na kuweka chenye nguvu zaidi, kompyuta iliyokuwa inafungua barua kwa dakika tatu inaifungua kabla hujavuta kiti.

Lakini kompyuta haikubali prosesa yoyote tu: chini ya prosesa kuna pini, vijisindano vyembamba vinavyopaswa kukaa kwenye matundu ya soketi. Fundi Mkuu alikuwa na kawaida ya kunihoji kabla ya kunikabidhi bisibisi.

"Itakaa kwenye soketi?"

"Itakaa, mzee. Nimehesabu pini."

"Usihesabu pini, soma namba ya soketi. Pini zinaweza kulingana na bado isikae. Haya, imekaa. Madabodi inaijua?"

Hapo ndipo wengi tulikwama. Madabodi ni ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, nao una programu yake ndogo ya kuamshia mashine, tunayoiita bayosi. Kama bayosi ilitengenezwa kabla ya prosesa hiyo kuzaliwa, mashine itawaka feni na kubaki kimya kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemfahamu. Inabidi bayosi ifundishwe kwanza, na ifundishwe ukiwa bado na prosesa ya zamani, maana ukishaitoa mashine haiamki tena ili ifundishwe. Na umeme ukikatika katikati ya somo, ubao wote umekwenda.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Makongolosi, kwenye ofisi ndogo yenye kompyuta mbili. Ni mji wa wachimbaji wa dhahabu, na vumbi lake jekundu liliingia hadi ndani ya saa ya mkononi. Mkuu wa Kituo alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa kukunja mikono ya shati vipimo sawasawa pande zote mbili. Pale ndipo nilipofanya kosa langu kubwa la kwanza.

Juu ya prosesa hukaa hitisinki, kipande cha alumini chenye mapezi mengi cha kupoza joto, na kati ya hivyo viwili hupakwa dawa nyeupe kama dawa ya meno ili joto lipite. Dawa hiyo ikizeeka hukauka na kugeuka gundi. Asubuhi moja yenye baridi nikaishika hitisinki, nikaivuta juu kwa nguvu. Ikatoka. Nilipoigeuza, prosesa ilikuwa imeng'ang'ania chini yake, imeng'olewa kwenye soketi ambayo kishikio chake kilikuwa bado kimefungwa, na safu nzima ya pini imelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Mkuu wa Kituo alikuwa amesimama nyuma yangu. "Imekufa?" akauliza.

"Haijafa, mzee. Imejeruhiwa."

Akatoa mfukoni penseli yake ya chuma, ile ya kubonyeza, akaondoa risasi yake ya kuandikia, akanipa. "Mdomo wake una tundu. Tulikuwa tunanyooshea nyaya za redio. Taratibu, usirudie pini mara mbili, itakatika." Nikaingiza pini moja moja kwenye tundu la penseli na kuinyoosha, kuanzia chai ya saa nne mpaka karibu saa tisa. Hakuondoka. Hakunikemea pia. Mashine ilipowaka alisema tu, "Kesho uniambie ulipaswa kufanyaje."

Kesho yake nilimwambia: iwashe mashine kwanza dakika kumi, dawa ilainike kwa joto, kisha izime, chomoa waya wa ukutani, na uizungushe hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Akatikisa kichwa kukubali, akarudisha penseli mfukoni.

Nikaolewa na mwalimu Mhehe, tukapata nyumba Mlandege, mjini Iringa, na mimi nikaomba kazi kwenye hospitali moja ya misheni iliyoko kando ya barabara kuu ielekeayo Mbeya. Hapo nilikaa mpaka nilipostaafu. Nilikuwa fundi pekee wa kompyuta, printa, simu za mezani, na siku nyingine hata pasi ya chumba cha kufulia.

Chumba kilichonikosesha raha kilikuwa cha picha, yaani eksirei. Kilisimamiwa na Sista Anjela, Mbena mrefu, mtaratibu, asiyepandisha sauti. Mtambo wake wa kusoma picha uliunganishwa na kompyuta ya mezani ya zamani kupitia kadi maalumu iliyochomekwa kwenye madabodi. Picha ikipigwa, kadi huipokea, na daktari huiona kwenye skrini. Wakati mmoja programu ya kusomea picha ikabidi ibadilishwe, na hiyo mpya ikataka prosesa yenye nguvu mara mbili. Kwenye ile ya zamani ilikuwa inakwama, picha moja inachukua karibu nusu saa, mara nyingine inapotea kabisa na mgonjwa anapigwa upya.

Katibu wa Hospitali akaitisha kikao. "Fundi Tusa, kwa nini tusinunue kompyuta mpya?"

"Kompyuta mpya hazina tundu la kadi hii, Katibu. Tukibadilisha kompyuta, tutabadilisha na mtambo."

Mtambo ulikuwa na bei ya jengo. Daktari Mkuu, mtu wa maneno machache, akaniuliza kama prosesa yenyewe ingeweza kubadilishwa. Nikasema inaweza. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema ningekuwa na uhakika baada ya kuibadilisha. Akacheka, akasema, "Angalau husemi uongo."

Prosesa nikaitafuta Mbalizi, karibu na Mbeya, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anavunja kompyuta zilizotumika na kuuza viungo vyake. Nilikaa kwenye kreti la soda nikizikagua kwa kioo cha kukuzia, moja baada ya nyingine, pini kwa pini. Ya nne ilikuwa safi. Nikarudi nayo Iringa ndani ya kisanduku cha bati nilichokitandika sifongo.

Tukachagua Jumapili, maana siku hiyo wagonjwa wa picha ni wachache. Sista Anjela alitoka misa ya kwanza, akaja akiwa bado na kitabu cha nyimbo mkononi. Nikagusa dirisha. Nikanakili picha zote kwenye diski ya pembeni. Nikaifundisha bayosi, mashine ikiwa imechomekwa kwenye yu-pi-esi, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika. Zile dakika nne za bayosi nilizihesabu kwa saa. Zikapita salama. Nikaiacha mashine ipate joto, nikaizima, nikazungusha hitisinki kushoto na kulia, ikaachia bila ubishi. Nikachomoa waya mmoja uliokuwa unanizibia mkono. Nikainua kile kishikio cha soketi, nikatoa prosesa ya zamani, nikaishusha mpya. Ilizama yenyewe, bila kusukumwa, ndivyo inavyotakiwa.

Nilikuwa nimeshapaka dawa na kufunga hitisinki niliposikia pikapu ikifunga breki nje.

Waliingia mume na mke, wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao. Mama alikuwa amembeba binti wa miaka mitatu hivi, jina lake Minza, udenda unamtoka mfululizo, hawezi kumeza hata mate. Daktari Mkuu alikuwa pamoja nao.

"Amemeza shilingi," alisema baba. "Tangu alfajiri. Nimesema tumpe ndizi iisukume, wenzangu kwenye gari wamekataa."

"Sijaiona shilingi," alisema mama kwa Kiswahili cha kuchagua maneno. "Mimi nimeona rimoti ya redio imefunguka. Zilikuwa mbili. Hii imebaki." Akafungua kiganja.

Kiganjani kulikuwa na kidude bapa, kinachong'aa, cha duara. Nilikifahamu hata kabla sijakisogelea. Kila madabodi ina kimoja kama hicho cha kutunzia saa ya mashine, nimebadilisha mamia.

"Daktari," nikasema, "hiyo si shilingi. Ni betri."

Sura yake ikabadilika. "Asipewe chochote mdomoni," akawaambia wazazi. "Hata maji." Kisha akanivuta pembeni, akaongea kwa sauti ya chini. "Betri ikikwama kwenye koo la chakula inachoma nyama, haingoji. Ikiwa imeshuka tumboni, ni habari nyingine. Lazima nijue iko wapi. Unahitaji dakika ngapi?"

"Kumi."

Nikarudisha nyaya. Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ya mbele ikawaka kijani. Skrini ikabaki nyeusi.

Wanangu, hakuna ukimya kama ule. Nikazima, nikawasha tena. Nyeusi. Nyuma yangu namsikia yule mtoto akikoroma mate, na mama yake akimwimbia kitu kwa Kisukuma, mstari mmoja tu, anaurudia. Nikawaza, prosesa ya Mbalizi ni mbovu, au nimeipiga umeme, au bayosi haikushika. Nikanyoosha mkono kuchukua ile ya zamani niirudishe. Kuirudisha maana yake ni kufungua kila kitu, kufuta dawa, kupaka upya, na bado sikujua kama kosa liko hapo.

Sista Anjela akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. "Tusa, usifungue. Niambie ulichofanya tangu asubuhi. Moja moja, kwa sauti."

Nilitaka kumkasirikia. Badala yake nikaanza. "Nimegusa dirisha. Nimenakili picha. Nimefundisha bayosi. Nimepasha joto, nimezima. Nimechomoa waya wa ukutani. Nimetoa hitisinki. Nimechomoa waya wa pini nne uliokuwa unanizibia..."

Nikainama. Pembeni ya prosesa, karibu na ukingo wa ubao, palikuwa na tundu dogo la mraba, tupu. Waya wake ulikuwa unaning'inia nyuma ya feni. Ule ndio unaopeleka umeme kwenye prosesa yenyewe. Bila huo, feni huzunguka, taa huwaka, na hakuna kinachofikiri.

Nikauchomeka. Nikawasha. Mashine ikalia mlio mmoja mfupi, ule mlio ambao ukiusikia fundi hujua kila kitu kipo mahali pake, na maandishi yakaanza kupanda kwenye skrini. Nilisikia mtu akisema "Asante, asante, asante," na ikanichukua muda kutambua ni mimi.

Sista alikuwa ameshamlaza Minza. Picha ikapigwa. Tulizoea kungoja karibu nusu saa, safari hii ilitokea kabla Daktari Mkuu hajamaliza kuvaa miwani. Ilionekana wazi, katikati ya kifua, duara jeupe lenye ukingo wa pili kwa ndani, kama sahani ndani ya sahani. Akaionyesha kwa kalamu. "Shilingi haina ukingo huu. Umesema kweli, Fundi. Na imekwama."

Hatukuwa na kifaa cha kuitoa. Wakampigia daktari wa hospitali kubwa, nami nikamtumia picha ile kwa simu, na gari la wagonjwa likaondoka na wazazi wote wawili ndani. Daktari Mkuu alitueleza kwamba kwa kuwa wenzetu wa kule wameiona picha mapema, wazazi wangemkuta mtaalamu na chumba tayari, mtoto aingie moja kwa moja.

Mimi na Sista tulibaki. Akanichemshia chai kwenye jiko la umeme la chumba cha giza, kile ambacho hakikuwa na giza tena tangu filamu zilipoachwa. Sikuinywa. Nilifunga skrubu za kava moja moja, nikazifungua, nikazifunga tena. Saa kumi jioni simu ya mezani ikalia. Sista akapokea, akasikiliza, akajibu "ndiyo" mara tatu, akaiweka chini.

"Imetoka," alisema. "Koo limeungua kidogo, litapona. Ameomba maziwa."

Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, nikalia na kucheka kwa pamoja. Sista naye akakaa chini, na kanzu yake nyeupe yote, bila kujali vumbi. Ninapoulizwa furaha ya kazi yangu ilikuwa nini, siwazi vyeti wala barua za pongezi. Nawaza uzito ulivyonishuka mabegani pale sakafuni.

Wiki kadhaa baadaye wazazi wale walipita na dumu la maziwa ya mgando. Minza alikuwa anakimbia koridoni, sauti yake imekwaruza kidogo, anataka kubonyeza kila kitu chenye taa. Baba yake aliniuliza kama mimi ndiye daktari wa mashine. Nikamwambia mimi ni fundi. Akasema kwao hilo ni neno moja.

Kompyuta ile ilifanya kazi miaka mingine mingi kwa prosesa ya Mbalizi. Mtambo mpya ulipokuja hatimaye, mimi ndiye niliyeizima mara ya mwisho. Wengine walitaka tufanye kasherehe. Nikakataa, nikachomoa nyaya, nikaifuta vumbi na kuipeleka stoo. Mashine iliyofanya kazi yake haihitaji hotuba. Hotuba zilikuja kwangu mwaka niliostaafu. Katibu mpya alisoma yangu kwenye karatasi, akakosea jina langu, Tusajigwe, mara mbili. Sista Anjela, ambaye naye alikuwa ameshazeeka, alikuwa amekaa pembeni yangu. Alinishika mkono tu hadi shughuli ilipokwisha.

Mnaoanza sasa, sitawadanganya kwamba enzi zetu zilikuwa bora. Zilikuwa na mahangaiko mengi ambayo hayakuwa na lazima. Nawaombeni jambo moja tu. Siku mashine itakapogoma na watu wamesimama nyuma yenu, msifungue tena kwa papara. Tafuteni mtu mwenye subira, mumsimulie kwa sauti mlichofanya. Hata kama hajui pini ni nini. Sista hakujua.

Juzi tulikuwa mezani nyumbani, mimi na mume wangu, mvua imeshika toka mchana. Ngurumo ikapiga upande wa milimani, dirisha likatetemeka. Nikajikuta nimesimama, kijiko kingali mkononi. Kwa miaka yote ile, ngurumo kwangu ilikuwa na maana ya kukimbia, wodi hadi wodi, kuchomoa mashine kabla radi haijapita kwenye nyaya. Nimewahi kukimbia nikiwa na mimba ya miezi minane.

Mume wangu akaninyooshea bakuli la mboga. "Unakwenda wapi, mama?"

Nikafikiri kidogo. Sikuwa na pa kwenda. Ngurumo ikapiga tena, kubwa zaidi, nami nikakaa, nikajipakulia mboga.